Kabla Koleo Halijagusa Gego

Mwaka 2007 madaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Santiago de Compostela, Uhispania, walitoa matokeo ya jaribio lililowahusu watu 106 waliofika kung'olewa meno. Kundi moja lilisukutuliwa kwa dawa ya kloheksidini ya asilimia 0.2 kwa nusu dakika kabla meno hayajaguswa. Kundi la pili halikusukutuliwa kwa dawa yoyote. Damu ikavutwa mkononi, mbali kabisa na mdomo. Sekunde 30 baada ya kung'oa, watu 96 katika kila 100 wa kundi lisilosukutuliwa walikuwa na bakteria hai katika damu. Wa kundi la dawa walikuwa 79. Robo saa baadaye ilikuwa 64 kwa 30. Ilipotimia saa moja, 20 kwa 2.

Anayetaka kuisifu dawa ya kusukutua atashika tarakimu za mwisho, na anayetaka kuibeza atashika za mwanzo. Wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa. Dawa haikuzuia bakteria kuingia katika damu, maana karibu watu wanane katika kila kumi waliingiliwa hata hivyo. Ilichofanya ni kupunguza idadi ya watu hao na kuwafanya bakteria watoweke mapema. Ubishi juu ya jambo hili umedumu miongo mingi, na kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, una uzito zaidi kuliko kwa mtu wa Ulaya. Sababu iko kifuani mwa huyo wa Bukavu, nitaifikia.

Nguba, katika komini ya Ibanda mjini humo, watu huijua kwa barabara ya Patrice Lumumba na kwa Ziwa Kivu linalochungulia kati ya nyumba. Ni kartie yenye majumba ya zamani ya enzi mji ulipoitwa Costermansville, na pembeni yake vyumba vya watu wanaoishi kwa biashara ya siku. Jino, hata hivyo, halichagui nyumba. Mtu wa hapa likimuuma huanza na chumvi au karafuu. Halafu farmasi ya jirani, vidonge vichache vya amoksi, yaani amoksisilini, bila karatasi ya daktari. Wapo wanaoshika pombe kali ya kanyanga mdomoni mpaka ulimi ufe ganzi. Usingizi ukishakataa kabisa ndipo anapanda pikipiki, anaketi kwenye kiti na kusema: "Dokta, unitoshe hii jino, nimechoka nayo."

Kufikia siku hiyo jino limeoza hadi mzizi, ufizi umevimba, na ukoga umejipanga shingoni mwa meno yote yaliyobaki. Afrika, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, haina hata daktari mmoja wa meno kwa kila watu 10,000, kwa hiyo kuchelewa huku si uzembe wa mgonjwa peke yake. Lakini matokeo ni kwamba jino linang'olewa katika mdomo uliojaa bakteria zaidi kuliko ambavyo ungekuwa mwezi mmoja kabla.

Sasa tuone kinachotokea. Jino halikupigwa msumari katika taya. Limeshikwa na nyuzi nyembamba, na kati yake na ufizi pana kijishimo chembamba. Ufizi ukiwa mzima kijishimo hicho ni kifupi. Ukiwa mgonjwa hushuka milimita tano, sita, hata zaidi, na kuta zake huwa vidonda. Humo wanaishi bakteria wengi, wakiwa wamejifunika utando wao wenyewe. Daktari anapotikisa jino kwa koleo ili lilegee, kila msukumo unawakamua hao kuingia katika mishipa midogo iliyopasuka. Kutoka hapo moyo hauko mbali.

Kwa watu wengi hakuna litakalotokea. Ini na wengu huwakamata wageni hao, na mara nyingi damu hurudi kuwa safi kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Tatizo ni yule mwenye vali ya moyo iliyokwaruzika au iliyobandikwa na mpasuaji. Penye mkwaruzo damu huacha tabaka la chembe zinazogandana, na baadhi ya streptokoki wa mdomoni wana kipaji cha kunata hapohapo. Wakishanata hujenga, wakajificha ndani ya walichojenga, wakaila vali polepole. Ugonjwa huo madaktari huuita endokaditi. Hata katika hospitali zenye kila kitu, takriban mgonjwa mmoja katika kila watano hufariki kabla ya kutoka wodini.

Uhusiano wa jino na moyo ulipata uthibitisho wa maabara mwaka 1935, pale Okell na Elliott wa London walipopima damu ya watu 138 mara tu baada ya kung'olewa meno na kuwakuta bakteria katika asilimia 61 yao. Miaka ishirini baadaye, 1955, Chama cha Moyo cha Marekani kikatoa mwongozo wake wa kwanza: mwenye moyo mbovu apewe antibiotiki kabla ya kung'olewa jino. Kloheksidini wakati huo ilikuwa changa. Ilitoka katika maabara za kampuni ya Uingereza ya ICI mwanzoni mwa miaka ya 1950, ikatumika kwanza kuosha ngozi na vidonda. Sifa yake ya mdomoni ilipatikana Aarhus, Denmark, ambako mwaka 1970 Harald Löe na Rindom Schiøtt walionyesha kwamba vijana walioacha kupiga mswaki kabisa, lakini wakasukutua mililita 10 za dawa hiyo ya asilimia 0.2 asubuhi na jioni, hawakuota ukoga. Inanata mdomoni na kuendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa, jambo ambalo maji ya chumvi hayawezi.

Ilikuwa rahisi, basi, kufikiri kwamba dawa yenye nguvu hiyo ingemaliza na suala la damu. Peter Lockhart, wa Charlotte huko North Carolina, aliijaribu kwa watu 70 na kutoa majibu mwaka 1996: asilimia 84 ya waliosukutua kloheksidini walikutwa na bakteria, dhidi ya 94 ya waliosukutua dawa bandia. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa idadi hiyo ya watu, haithibitishi kitu. Mwaka 2018 watafiti wa Kihispania walikusanya majaribio manane yenye watu zaidi ya 500, wakapata kwamba dawa inapunguza uwezekano wa bakteria kuingia damuni kwa asilimia 12 hivi. Taasisi ya Uingereza inayoitwa NICE haikusubiri. Mwongozo wake wa Machi 2008 ulisema wazi kwamba kusukutua kloheksidini kusitolewe kama kinga ya endokaditi.

Kwa nini dawa inayoua bakteria ndani ya kikombe inashindwa mdomoni? Kwa sababu maji ya kusukutua hayashuki. Yanaingia chini ya ufizi kwa kipimo kisichofika hata milimita moja, wakati wanaotafutwa wako chini kabisa, na wamejifunika. Ni sawa na kufua kola ya shati na kuliacha shati lenyewe.

Hapo ningeweza kuishia na kusema dawa haina kazi, lakini Lockhart huyohuyo aliendelea kuchokonoa, na mwaka 2008 akatoa utafiti ambao kwa maoni yangu ulipaswa kubandikwa ukutani katika kila kliniki ya meno kuanzia Uvira hadi Beni. Aliwagawa watu 290 katika makundi matatu. Waliong'olewa jino bila antibiotiki, asilimia 60 walikutwa na bakteria wa aina inayoleta endokaditi. Waliomeza amoksisilini kwanza, asilimia 33. Na kundi la tatu halikung'olewa chochote, lilipiga mswaki tu: asilimia 23.

Mswaki! Wa kila asubuhi. Mtu anang'olewa jino mara chache maishani, lakini anapiga mswaki mara mia saba kwa mwaka. Mwaka uliofuata timu hiyo ikaangalia nani hasa, kati ya wapiga mswaki, aliyeingiwa na bakteria. Walikuwa wale wenye ukoga mwingi na, zaidi ya wote, wale ambao ufizi wao ulitoka damu kila mahali baada ya mswaki. Hao uwezekano wao ulikuwa karibu mara nane ya wengine. Mwenye ufizi unaovuja damu anajichanja mwenyewe kila siku, na hakuna kikombe cha dawa wala kidonge anachopewa siku hiyo.

Asiyefikiri vizuri atasema basi tuache mswaki. Ni kinyume chake: ufizi unavuja damu kwa kuwa haupigwi mswaki vya kutosha au kwa kuwa ukoga umeshakuwa jiwe ambalo mswaki hauliwezi. Linahitaji kukwanguliwa na mtu mwenye chombo chake. Lakini katika miji yetu mtu haendi kwa daktari wa meno kukwanguliwa, anakwenda kung'oa. Kikombe cha kloheksidini dakika moja kabla ya koleo kinafika baada ya miaka kumi ya ufizi kuachwa, kikitarajiwa kufidia yote.

Nilisema ubishi huu una uzito zaidi Bukavu. Mwaka 2007 Wamarekani walibana mwongozo wao, wakabakiza antibiotiki kwa watu wachache tu: wenye vali bandia, waliowahi kuugua endokaditi, wenye kasoro fulani za moyo za kuzaliwa nazo, na waliopandikizwa moyo wakapata hitilafu ya vali. Waingereza wa NICE, mwaka uliofuata, waliiondoa kwa kila mtu. Kabla ya hapo vilikuwa vikiandikwa vyeti 10,900 vya antibiotiki za kinga kwa mwezi nchini England. Katika miaka mitano iliyofuata vilikuwa 2,236 hivi kwa mwezi. Makala iliyotoka katika jarida la The Lancet mwaka 2015 ilihesabu kwamba kufikia Machi 2013 wagonjwa wa endokaditi walikuwa wamezidi matarajio kwa takriban 35 kila mwezi. Waandishi hawakudai kwamba sababu ni hiyo moja, ila mwaka 2016 NICE ililegeza maneno yake: antibiotiki isitolewe "kwa kawaida", maana yake daktari anaweza kuitoa akiona inafaa.

Katika orodha ya Wamarekani mmoja amekosekana: mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki. Kwao ugonjwa huo umebaki historia. Kwetu ni wa leo. Mtoto anaumwa koo, hatibiwi, kinga ya mwili inayopigana na streptokoki wa koo inageukia vali za moyo wake, na vali zinapona zikiwa na makovu. Utafiti uliofanywa na Longo-Mbenza na wenzake katika shule za Kinshasa, uliochapishwa mwaka 1998, ulikuta watoto wapatao 14 katika kila 1,000 wakiwa na ugonjwa huo, na katika mitaa ya msongamano idadi ilikuwa juu zaidi. Kaskazini mwa Uganda jaribio lililotolewa mwaka 2021 lilionyesha kwamba sindano ya penisilini ya kila mwezi inawakinga watoto ambao ugonjwa wao umegunduliwa mapema: kwa miaka miwili ulizidi kwa asilimia 0.8 tu ya waliochomwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Ili uchomwe lazima kwanza ujulikane. Wengi hawajulikani.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2023 unawaweka wenye vali za rumatiki katika kundi la kati: antibiotiki si lazima, lakini daktari anaweza kumpa mmoja mmoja. Australia, kwa sababu wenyeji wake wa asili wanaugua sana ugonjwa huu, imewabakiza katika orodha. Mimi naona sisi tuko karibu na Australia kuliko London. Kuokoa vali iliyoliwa na bakteria kunataka chumba cha upasuaji wa moyo, na kwa mtu wa Nguba hiyo ni safari ya Kigali, Nairobi au India. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zikafungwa na uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, safari hiyo imekuwa ndefu zaidi kwa asiye na kitu.

Hata hivyo kumpa kila mtu antibiotiki si jibu. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Afrika Kusini lilichapisha utafiti wa Leonid Irenge na wenzake juu ya maambukizo ya damu katika hospitali kuu ya Bukavu. Waliowakuta zaidi ni bakteria wa matumbo waliozoea dawa kiasi kwamba antibiotiki nyingi za kawaida hazikuwafanya kitu. Amoksi tatu za farmasi, zinazomezwa kwa ajili ya jino lililooza, zinatoa mchango wao katika hilo, na jino lenyewe hazilitibu. Kinga ya kabla ya kung'oa kwa mtu mzima ni dozi moja, gramu 2 za amoksisilini, nusu saa hadi saa moja kabla ya koleo. Basi. Haiendelezwi siku saba.

Je, kikombe cha kusukutua kitupwe? La. Kina kazi nyingine, tena isiyobishaniwa. Baada ya jino kutoka, tundu hujaa damu inayoganda, na mgando huo ndio unaofunika mfupa mpaka nyama iote. Ukitoka mapema mfupa unabaki wazi, na siku ya pili hadi ya nne yanakuja maumivu yanayopanda sikioni, mabaya kuliko ya jino lenyewe. Magego ya chini ndiyo yanayopatwa zaidi, na wavuta sigara. Mapitio ya mtandao wa Cochrane yameonyesha kwamba kusukutua kloheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2 kabla ya kung'oa na siku za baada yake kunapunguza balaa hilo kwa takriban asilimia 42. Kwa mama anayeuza samaki wadogo wa sambaza na anayetakiwa kuwa sokoni kesho yake, hiyo peke yake inatosha kulipia chupa.

Matumizi yake yana utaratibu. Kabla ya sindano ya ganzi, mililita 10 hadi 15, nusu dakika hadi dakika nzima kwa saa ya ukutani, kutema, bila kusuuza kwa maji. Dawa ya mswaki huidhoofisha, kwa hiyo zisifuatane papo hapo; nusu saa ipite. Jino likishatoka, usisukutue kitu chochote kwa saa 24. Wengi ndipo wanapoharibu, kwa kusukutua kwa nguvu jioni ileile ili kutoa ladha ya damu, wakautoa na mgando. Kuanzia kesho yake dawa irudi, taratibu, mara mbili kwa siku, wiki moja. Ikitumiwa majuma mengi huyapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula.

Farmasi ikikosa kloheksidini, povidoni ayodini inafaa, mradi iwe ile ya mdomo. Ile ya ngozi na hasa ile ya sabuni ya kunawia madaktari si za kusukutua, hata kama jina la chupa ni lilelile la Bétadine. Kanyanga inachoma ufizi tu. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi ni mazuri kwa siku za kupona, yakiwa yamechemshwa, maana maji ya bomba hayana ahadi.

Kuna na hatari moja adimu. Uingereza, mwaka 2009 na 2011, watu wawili walifariki baada ya tundu la jino lililouma kuoshwa kwa kloheksidini. Miili yao iliikataa dawa kwa ghafla. Aliyewahi kuvimba midomo au kuota upele kwa dawa ya kuosha vidonda amwambie daktari, na anayeosha tundu lililo wazi atumie maji ya chumvi safi.

Linabaki swali la kumtambua mwenye moyo mgonjwa. Dantisti hana mashine ya kuona vali, lakini ana mdomo wa kuuliza: uliwahi kulazwa kwa ajili ya moyo, uliwahi kuambiwa moyo wako una kelele, utotoni viungo vilikuvimba kimoja baada ya kingine pamoja na homa, ukipanda mlima wa Nyawera unakosa pumzi kuliko wenzako? Anayejibu ndiyo asiongezewe tu dawa ya kusukutua. Asikilizwe kifua, na ikiwezekana atumwe hospitali kabla ya kung'olewa, ila kama jipu halingoji.

Endokaditi yenyewe haina sura yake. Inakuja wiki kadhaa baadaye kama homa ya jioni, jasho la usiku, uchovu, kukonda. Mjini kwetu mtu mwenye dalili hizo anapewa dawa ya malaria. Zisipokwisha, anapimwa Widal na kupewa dawa ya tifoidi. Homa inashuka, anashukuru, baada ya siku kumi inarudi. Kila mzunguko wa antibiotiki unaua bakteria wa kutosha kuwaficha maabarani bila kuwang'oa kwenye vali, na damu ikija kuoteshwa haioteshi kitu. Kwa hiyo anayempokea mgonjwa wa homa isiyoisha amuulize habari za moyo na amuulize lini mara ya mwisho aling'olewa jino. Majibu yakielekea upande huo, damu ivutwe mara tatu kwa sindano tatu tofauti, na amoksi isubiri mpaka chupa zote ziwe zimefika maabara.